Muulize Mwalimu: Nitanyamazaje Pipeline?

SWALI

Bwana asifiwe, Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Pipeline huku Embakasi, ghorofa ya tano, chumba kimoja. Mwaka jana mwenzangu wa kazini, ambaye ni Mkatoliki, alinialika kwenye mafungo ya siku mbili huko Karen. Tuliambiwa tuzime simu na tusisemezane hata mezani. Siku ya kwanza nilidhani nitapasuka. Siku ya pili sikutaka kurudi nyumbani. Tangu hapo najaribu kuomba kwa kunyamaza na nashindwa. Chini yetu kuna baa, ng'ambo ya barabara kuna kanisa lenye spika zinazotazama dirisha langu, na jirani wa ukutani ana redio isiyolala. Kelele zikipoa kidogo, kichwa nacho kinaanza zake: karo, mkopo wa simu, maneno aliyonitolea mama mkwe mbele ya watu siku ya Krismasi. Halafu mume wangu, ambaye ni mzee wa kanisa letu la Kipentekoste, anasema maombi ya kimya ni mambo ya dini za Mashariki, na kwamba anayeiacha akili yake tupu anamfungulia shetani mlango. Hajanikataza kwa ukali, lakini najua hapendi. Nifanye nini?

Mama wa Wawili, Pipeline

JIBU

Amina, mama. Nitaanza na mzee wako, maana usipoelewana naye hata ukihamia jangwani utaenda na ugomvi mkobani.

Ana hoja, usimdharau. Mkristo hanyamazi ili akili iwe tupu. Yesu hakuwaambia wanafunzi wake wafute mawazo. Aliwaambia wakeshe, waombe, wakae ndani yake. Kwa hiyo siku akikuuliza unafikiria nini hapo kitandani umefumba macho, usimjibu kwamba hufikirii kitu. Mwambie unamfikiria Mungu, na kwamba kwa mara moja umeacha kumkatiza.

Anapokosea ni kuhusu jambo hili limetoka wapi. Jioni moja mkimaliza kula mwombe akusomee 1 Samweli sura ya kwanza, kwa sauti yake nzuri ya mzee wa kanisa. Hana yuko Shilo, moyo umemjaa uchungu, anaomba: "Alikuwa akinena moyoni mwake, midomo yake tu ilionekana kama inatikisika, sauti yake isisikiwe." Eli akamdhania amelewa. Kuhani mzima, aliyezeekea hekaluni, alishindwa kutofautisha sala na pombe kwa sababu tu hakusikia kitu! Na akili ya Hana haikuwa tupu hata kidogo, ilijaa pomoni. Samweli, ambaye wahubiri wetu wanampenda mno, alizaliwa kutokana na ombi ambalo hakuna binadamu aliyelisikia. Akitaka zaidi, kuna Zaburi 62: "Nafsi yangu yamngoja Mungu peke yake kwa kimya." Mathayo 6:7, ile ya kupayuka-payuka, usimsomee. Ataiona ni vita.

Na kama shida ni Mashariki, mwambie kimya cha Kikristo kilikomaa hapa hapa Afrika. Mwishoni mwa karne ya 3 kijana mmoja wa Misri, Antoni, aliwapa maskini mali aliyorithi akaenda kuishi jangwani na Mungu wake. Athanasio, askofu wa Aleksandria, akaandika maisha yake, na kitabu hicho kikasomwa hadi Ulaya, watu wakaanza kuacha nyumba zao kumfuata. Karne iliyofuata jangwa la Misri lilijaa watawa. Mmoja wao aliitwa Musa, mtu mweusi, aliyekuwa mkuu wa genge la majambazi kabla ya kuokoka (mumeo atampenda huyu, ana ushuhuda). Mtawa mwenzake alipomwomba neno la kumfaa, Musa alimwambia: kaa katika chumba chako, nacho chumba chako kitakufundisha yote. Hakumuuliza chumba ni cha namna gani. Hakumwambia atafute chenye bustani. Alimwambia akae.

Ndiyo maana nasema Karen ilikusaidia lakini pia ilikuacha na wazo moja ambalo sikubaliani nalo, kwamba kimya ni mahali. Mafungo ni kitu kizuri, nenda tena ukipata nafasi na nauli. Ila ukingoja Pipeline itulie ndipo uombe, utazeeka ukingoja. Ndugu Roger, aliyeanzisha jumuiya ya Taizé kule Ufaransa mwaka 1940, alikuja Nairobi mwaka 1978 akakaa Mathare, miongoni mwa mabati, na ndugu wa jumuiya yake waliishi huko pia. Sala yao ina kipindi kirefu cha kimya katikati ya nyimbo. Sidhani Mathare ilizima redio kwa ajili yao. Na Yesu mwenyewe, tukisoma Marko 1, aliamka "alfajiri na mapema sana" akaenda mahali pasipokuwa na watu, na hata huko Simoni na wenzake wakamfuata wakamwambia, "Watu wote wanakutafuta." Bwana alikatizwa sala yake. Sembuse wewe na mimi.

Mimi nakaa Jericho ya hapa Nairobi, na nyuma ya nyumba yangu kuna fundi wa kuchomelea vyuma. Mashine yake ikianza najua nimechelewa kuamka. Kwa hiyo nakushauri jambo ambalo wewe mwenyewe unalijua kuliko mimi: kuna muda mfupi Pipeline, baada ya baa kufunga na kabla ya makanga wa kwanza kuanza kuita abiria. Pengine ni saa kumi alfajiri, pengine kumi na nusu. Ndio chumba chako cha ndani. Amka, weka maji ya chai motoni kwa moto mdogo, keti kwenye stuli mgongo ukiwa wima (kitandani utalala), na kaa dakika kumi. Usianze na nusu saa. Nusu saa ni ya watu wasio na watoto wa shule. Simu itege ikuamshe kisha itie ndani ya sufuria, ifunike, uiweke mbali na mkono wako. Watoto wakiamka katikati, jitande leso kichwani. Husimuliwa kwamba Susanna Wesley, mama yake John na Charles Wesley, aliyezaa watoto 19 na karibu nusu yao wakafa wachanga, alikuwa akijifunika aproni usoni pale pale jikoni, na watoto wakajua mama yuko kwa Mungu, asiguswe. Wako watajifunza hivyo hivyo, si kwa siku moja.

Na kelele zitakazobaki usizipige vita. Mlevi akipita akiimba, mwombee kwa sentensi moja, uendelee. Redio ya jirani ikipenya ukutani, iache ipite. Unayepigana na kelele hunyamazi, unasikiliza kelele kwa hasira. (Kuhusu zile spika za kanisa, nchi ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2009 na NEMA ndio wenye kuzisimamia, lakini kabla ya kwenda huko mtume mumeo akazungumze na mchungaji wa pale, mzee wa kanisa kwa mzee wa kanisa. Spika zinaweza kugeuzwa zitazame ndani. Waumini wako ndani.)

Sasa nifike kwenye swali lako lenyewe, ambalo uliliandika kama jambo la kupita: kichwa kuanza zake.

Mama, hilo halimaanishi umeshindwa kunyamaza. Hilo ndilo linalotokea kwa kila anayenyamaza. Wale watawa wa Misri walilijua vizuri sana. Evagrio, mmoja wa wasomi wao, aliyefariki mwaka 399, alihesabu mawazo manane yanayomsumbua mtu aliyetulia: ulafi, uasherati, kupenda fedha, huzuni, hasira, uchovu wa roho, kujisifu na kiburi. Anapoeleza kupenda fedha hazungumzii tajiri mwenye majumba. Anazungumzia mtu anayewaza uzee utakaokuja, mikono isiyoweza kufanya kazi tena, njaa, maradhi. Yaani karo na mkopo wa simu! Na anapoeleza hasira anasema wakati wake mkubwa ni saa ya sala, ndipo inapoinyakua akili na kuiletea mbele ya macho sura ya yule aliyekukosea. Nilipoisoma barua yako nikajiambia, huyu mama mkwe alikuwepo jangwani miaka 1,600 iliyopita.

Basi fanya hivi. Chukua maneno machache ya kukaa nayo. Yohane Kasiano, aliyekwenda Misri kujifunza kwa watawa hao, alifundishwa na Abba Isaka mstari mmoja tu wa kurudia saa zote, katika raha na dhiki. Ni Zaburi 70:1: "Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima." Ndugu zetu wa Orthodox, wenye seminari yao pale Riruta, wana lao: "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unirehemu mimi mwenye dhambi." Chagua moja, usibadilishe kila wiki. Liseme polepole moyoni, kisha nyamaza. Wazo la karo likija, usilifukuze kwa matusi wala usikae nalo upige hesabu. Liseme kwa Mungu mara moja, "karo ya muhula wa pili," basi, urudi kwenye maneno yako. Likirudi mara ishirini, nawe rudi mara ishirini. Huko kurudi ndiko kuomba kwenyewe. Hesabu za mkopo zina saa yake na kalamu yake, mchana, mkiwa na mumeo mezani.

Mama mkwe ni jambo jingine. Yeye hataondoka kwa kutajwa mara moja, kwa sababu aliyeumia hana deni la kulipa, ana kidonda. Usijilazimishe kumsamehe ndani ya dakika kumi ili upate amani haraka. Huo ni udanganyifu na Mungu hadanganyiki. Mwache aketi hapo kati yako na Bwana. Mtazame. Sema alichokwambia, maneno yenyewe, jinsi alivyoyasema. Nimewaona wanawake wengi wakiomba kwa sauti kubwa juu ya wakwe zao miaka na miaka bila hata mara moja kumwambia Mungu ni nini hasa kilichowauma. Sauti ilikuwa inafunika. Kimya hakifuniki, na hiyo ndiyo sababu siku ile ya kwanza huko Karen ulitaka kupasuka.

Ukiona kinachofunuka ni kizito kupita kiasi, kama huzuni inayokunyima usingizi na chakula kwa majuma, usikae nacho peke yako eti ni nidhamu ya kiroho. Mwambie mtu: mchungaji unayemwamini, mshauri, daktari. Ayubu alikaliwa na rafiki zake siku saba usiku na mchana bila neno, na hapo walimfaa. Makosa yao yalianza walipofungua kinywa. Mtafute rafiki wa zile siku saba.

Zitakuja pia asubuhi kavu, ambapo hakuna karo wala mama mkwe, hakuna chochote, na dakika kumi zinakuwa ndefu kuliko foleni ya Outering saa ya jioni. Teresa wa Avila, ambaye Kanisa Katoliki lilimpa cheo cha Mwalimu wa Kanisa mwaka 1970, aliandika waziwazi kwamba kwa miaka alikuwa akitamani saa ya sala iishe, anategea sikio saa igonge. Na Ignasi wa Loyola aliacha shauri ambalo naliona la thamani kuliko vitabu vingi: wakati wa ukavu usibadili uamuzi uliofanya wakati wa nuru. Uliamua dakika kumi, kaa kumi. Usipunguze ziwe tano kwa sababu leo hujisikii, wala usiongeze ziwe ishirini kwa sababu jana ulilia machozi mazuri.

Mumeo atapima jambo hili kwa kitu kimoja, na ana haki: jinsi unavyozungumza na watoto saa kumi na mbili soksi moja ikiwa imepotea. Maana kuna kimya kingine, cha kununa, ambacho kila mke na kila mume anakijua, na kikivaa nguo ya sala kinakuwa kibaya zaidi. Usiombe kwa kificho. Mwambie kabla ya kulala, "Kesho nitaamka mapema nikae na Bwana." Na mpe nafasi: yeye aongoze maombi ya jioni kwa sauti kama kawaida yake, kisha baada ya Amina mkae wote dakika mbili bila kuinuka. Mbili tu. Atakuwa wa kwanza kuuliza kwa nini zimeisha, au wa kwanza kukoroma. Vyote viwili nimeviona.

Jambo la mwisho, ni la njiani. Ukishuka mjini jioni una dakika chache, ingia Petro Claver pale Racecourse Road au Holy Family karibu na City Hall, keti benchi la nyuma. Hakuna atakayekuuliza wewe ni wa kanisa gani.


SWALI

Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Mimi ni soja katika nyumba za kupanga huko Kilimani, zamu ya usiku, saa kumi na mbili hadi kumi na mbili. Nyumbani ni Kipkelion. Wewe na padre wetu mnasifu sana kimya. Mimi kimya ninacho usiku kucha na hakinipeleki kwa Mungu, kinanipeleka nyumbani kwa mawazo, halafu kwa usingizi. Rozari naianza vizuri, nikishtuka naona bado nimeshika shanga ile ile. Saa nane usiku naanza kuchukia kazi, lango, wapangaji, hata jiji lenyewe. Je, kusinzia katikati ya rozari ni dhambi? Na upweke huu utageukaje kuwa sala?

Soja wa Usiku, Kilimani

JIBU

Milele na milele, amina, ndugu yangu.

Kusinzia kwanza, tumalize. Teresia wa Lisieux, aliyefariki mwaka 1897 akiwa na umri wa miaka 24, alikuwa akisinzia sana kwenye sala na alisema hasikitiki, kwa kuwa wazazi huwapenda watoto wao wakiwa wamelala sawa na wakiwa macho. Kwa Mungu basi huna kesi. Kwa mwajiri wako unayo, kwa hiyo rozari isali ukitembea. Usiisali umeketi kwenye kile kiti cha plastiki langoni, kile kiti kimeshawaangusha wengi.

Hicho kinachokujia saa nane usiku nacho kina jina la zamani. Yule Evagrio niliyemtaja kwa Mama wa Wawili alikiita pepo wa adhuhuri, kwa sababu watawa kilikuwa kikiwajia mchana wa jua kali. Anaeleza kwamba jua linaonekana halisogei, siku inakuwa kama ina saa hamsini, mtawa anachungulia dirishani kila mara, anaanza kuchukia mahali pale, kazi ile, maisha yale, na kuona kwamba hakuna ndugu anayempenda. Yeye alikuwa na jua, wewe una taa ya lango, lakini ni jambo lile lile. Na dawa yao haikuwa kuhama. Ilikuwa kubaki, kufanya kazi ndogo ya mikono, na kujibu kwa maneno ya Maandiko.

Ndiyo maana sitakwambia unyamaze zaidi. Yule mama wa Pipeline ana kelele nyingi na anahitaji kimya. Wewe una kimya kingi na unahitaji maneno. Zaburi zimeandikwa na watu wanaokesha. Ile ya 130 inakutaja wewe kwa kazi yako: "Nafsi yangu inamngoja Bwana, kuliko walinzi waingojavyo asubuhi, naam, walinzi waingojavyo asubuhi." Aliyetunga alipotafuta mfano wa mtu anayejua kungoja, hakumtaja kuhani wala mfalme, alimtaja soja. Mzunguko wa kwanza wa kuzunguka ua, sema hiyo. Mzunguko wa pili, 134. Ukifika kila mlango wataje walio ndani. Unajua nani anarudi saa tisa amelewa, nani ana mtoto mchanga, nani hajalipa kodi na anapita langoni ameinamisha kichwa. Hakuna padre Kilimani anayezijua nyumba hizo kama wewe. Baada ya hapo ndipo usimame kidogo, bila neno, mzunguko mmoja tu.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa Kipkelion, waulize wazee wa huko kuhusu watawa wa Lumbwa, jina la zamani la Kipkelion. Watrapisti walifika huko mwaka 1956 wakajenga monasteri ya Bikira Maria wa Ushindi, na hawa ni watu wa kunyamaza na kuamka kungali giza kuimba zaburi. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 jumuiya ilihamia Uganda. Wenzao duniani kote bado wanaamka saa hizo hizo unazozichukia wewe. Ukiwaza hivyo upweke haukomi, lakini angalau unajua zamu yako iko na nani.

Upweke wenyewe usiutie wote kwenye sala. Lango la pili kuna soja mwingine, naye anasinzia. Mpelekee chai.


SWALI

Mwalimu, mimi ni kiongozi wa vijana katika kanisa moja la Kianglikana huko Donholm. Mchungaji ameanzisha dakika tatu za kimya baada ya mahubiri. Watu wanakohoa, wengine wanatoa simu, na mpiga kinanda wetu anakataa kuacha kupiga chini chini, anasema akinyamaza uwepo wa Mungu utaondoka. Je, ana haki?

Kijana wa Donholm

JIBU

Hana. Ufunuo 8:1 inasema Mwanakondoo alipoifungua muhuri ya saba "kukawa kimya mbinguni kama muda wa nusu saa." Nusu saa, na kule kuna malaika wenye baragumu. Uwepo haukuondoka.

Lakini mpole naye. Sisi Wakenya tumelelewa kuamini kwamba ibada yenye uhai ni ibada yenye sauti, na si Wapentekoste peke yao. Wamishonari wa Friends, yaani Quaker, walifika Kaimosi mwaka 1902. Asili ya watu hao huko Uingereza ni kuketi pamoja kimya hadi Roho amwamshe mtu kusema. Leo Kenya ina Friends wengi kuliko nchi nyingine yoyote, na ukienda kwao Jumapili utakuta kwaya, mahubiri na makofi kama kwingine. Silaumu, naimba pia. Nasema tu kwamba dakika tatu kwa watu wetu ni nyingi, na zinafundishwa.

Nilifundisha Dini shule za Eastlands hadi nikastaafu, na nilikuwa naanza kipindi kwa dakika moja ya kimya. Wavulana wa Kidato cha Pili walicheka hadi machozi, na kulikuwa na mmoja mwenye kipaji cha kulia kama paka. Sikuwagombeza. Niliwapa kitu cha kushika, mstari mmoja ubaoni, na nikawaambia kabla ni muda gani. Muhula wa pili wakawa wananikumbusha nikisahau, ingawa nashuku baadhi walipenda tu kipindi kipungue.

Kwa hiyo mchungaji aanze na dakika moja. Aseme wazi, "Tutakaa kimya dakika moja na neno hili," asome mstari, akae yeye mwenyewe, asisimame akiwatazama watu kama msimamizi wa mtihani. Mpiga kinanda ashuke aketi na familia yake. Mikono ikiwa juu ya kinanda itacheza tu. Wazee na watoto wanaokohoa waache wakohoe. Na mwarifuni mapema kijana wa mitambo, la sivyo atadhani maikrofoni zimekufa na atakuja mbio katikati ya kanisa na nyaya mkononi.